Masika Yakiingia, Chagua Mti Mmoja: Kuwatazama na Kuwapiga Picha Ndege Wadogo wa Pwani

Kila mwaka upepo wa kusi ukishika na mvua kubwa zikaanza kupiga pwani ya Kilifi, wenye kamera wengi hufunga mikoba yao wakangoja jua lirudi. Mimi huo ndio wakati ninaotoa yangu. Kuanzia Aprili hadi Julai ndege wadogo wa kwetu huwa si wale wale. Kweche dume, ambaye Januari alikuwa na rangi ya nyasi kavu na ungempita ukidhani ni shomoro jike, ikifika Mei amevaa wekundu wa kaa linalowaka. Fumbwe ameota mkia mrefu kuliko mwili wake. Kwera, wale wasuka viota, wamejaa minazini wakipiga kelele tangu alfajiri, kila mmoja na uzi wa jani mdomoni.

Watu wa Ulaya wana majira yao ya kuchipua: siku zinarefuka, theluji inayeyuka, ndege wanaanza kuimba. Sisi tulio karibu na ikweta, urefu wa mchana ni karibu ule ule mwaka mzima, kwa hiyo saa ya ndege wetu ni mvua. Mvua ikinyesha nyasi huota na kutoa mbegu, wadudu na viwavi huongezeka, na hicho ndicho chakula cha vifaranga. Kwera naye anahitaji majani mabichi yanayochanika nyuzi ndefu bila kukatika. Ukilijua hilo, huna haja ya kuuliza uanze lini. Tazama nyasi.

Neno langu kubwa ni hili: usimfuate ndege. Chagua mti mmoja, au kichaka kimoja, keti, umwache yeye aje. Ndege wa gramu 10 anayeandamwa hukupa mgongo wake tu, na picha ya mgongo unaokimbia hata kumtambua humtambui. Ndege aliyekuzoea atafanya kazi zake mbele yako kama vile hupo.

Machi: waage wanaosafiri

Kabla mvua hazijashika, kuna wageni wa kuwasindikiza. Yupo ndege mdogo wa rangi ya kijani iliyofifia, tumbo la manjano hafifu, na mstari wa rangi ya maziwa juu ya jicho. Waingereza humwita willow warbler. Uzito wake ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari, na mwezi wa Machi na Aprili anaondoka Afrika kwenda kuzaa Ulaya na hata Siberia. Mnamo Novemba na Desemba wenziwe wengi hupita Tsavo Magharibi wakishuka kusini. Pale Ngulia, tangu mwaka 1969, watafiti huwanasa usiku wa ukungu, huwavisha pete mguuni na kuwaachia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huimba kabla ya kuondoka. Simama chini ya mivinje au migunga saa moja asubuhi mwishoni mwa Machi usikilize: sauti nyembamba inaanzia juu, inashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi, kisha inazimika. Huyu usimhesabie picha nzuri, maana hatulii kwenye tawi hata kwa pumzi mbili. Mtumie kwa mazoezi. Zoeza jicho kumwona bila darubini kwanza, halafu inua darubini hadi machoni bila kubandua macho kwake. Wanaoanza hushusha macho kutafuta darubini, wakiyainua ndege hayupo. Fanya zoezi hili wiki mbili, na mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme wakijiandaa na safari wawe walimu wako wa pili.

Kuutafuta mti

Wiki ya kwanza ya mvua acha kamera nyumbani. Tembea na daftari tu. Unatafuta mambo matatu: mti wenye viota vipya vya kijani, maua yanayotembelewa na chozi, yule ndege mdogo anayefyonza asali ya maua, na uwanda wa nyasi ndefu wenye maji karibu. Viota vya kahawia si kitu, hivyo ni vya mwaka jana au vimekataliwa. Kiota kibichi ndicho chenye mwenyewe.

Waulize watu. Mnazi bora niliowahi kuupata ulikuwa uani kwa bibi mmoja, nami niliujua kwa kupiga hodi tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umepotea njia?"

"Hapana bibi. Nimewaona hawa ndege wako, nikasema niombe nikae niwatazame."

"Hawa? Wananichania mnazi wangu mpaka makuti hayafai kitu! Kaa, mwanangu. Lakini ukiwaona wale kunguru, watupie jiwe."

Nilikaa uani pale misimu miwili. Bibi alinieleza mambo mengi: ni upande gani wa mnazi hujengwa kwanza, ni saa ngapi ndege hunyamaza, na kwamba zikipita siku tatu bila mvua kazi husimama. Mtu anayeishi na mti anaujua kuliko mgeni mwenye lenzi. Na hata kama mti uko kando ya njia, toa salamu na ueleze unachofanya. Kamera ndefu huwatia watu wasiwasi, na wana haki ya kuwa nao. Usielekeze lenzi uani kwa watu, wala karibu na kambi au kituo cha polisi.

Ukishapata miti miwili mitatu, ichague kwa mwanga na mandhari ya nyuma. Mnazi mrefu unaopigwa picha kutoka chini huwa na anga jeupe nyuma yake, na ndege anatoka kivuli kitupu. Tafuta minazi mifupi, au mti ulioinamia lambo, au mahali unapoweza kukaa barazani juu ya ghorofa ukawa usawa mmoja na kiota. Nyuma ya kiota pawe na miti mingine, lakini mbali, mita 15 au 20, ili ififie iwe rangi moja tulivu. Asubuhi jua liwe mgongoni kwako. Na usiketi chini ya mnazi wenye nazi kavu, hata kama kivuli chake kinakuita.

Vifaa

Hapa sina mengi. Darubini ya macho mawili ya 8×42 au 8×32 inatosha kwa kila kitu: 8 ni ukuzaji, namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukikuza zaidi ya hapo mkono unatikisika na eneo unaloliona linakuwa finyu, na ndege wadogo wanataka eneo pana. Kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua darubini kabla ya kamera.

Kwa kamera, lenzi inayofika milimita 300 ndiyo mwanzo. 400 ni raha zaidi. Kamera ya lenzi isiyobadilishwa yenye kuvuta mbali nayo inafaa, hasa mchana wenye mwanga. Mwenye simu peke yake asikate tamaa: simu ikishikizwa kwenye kioo cha darubini, viwiko vikiegemea ukuta, hutoa picha nzuri ya kwera kiotani, kwa sababu kwera anarudi pale pale. Chukua pia kigoda kifupi, mwavuli wa rangi iliyokoza, mfuko mkubwa wa plastiki, taulo ndogo, viatu vya mvua vya kufika magotini na dawa ya mbu. Viatu hivyo si kwa ajili ya tope tu. Nyoka hupenda nyasi zile zile wanazopenda kweche.

Kuiandaa kamera

Weka hali ya kuchagua mwenyewe kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) na apecha (upana wa tundu la lenzi), uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijirekebishe yenyewe hadi 3200, au 6400 kama kamera yako ni ya karibuni. Apecha ifungue kabisa, f/5.6 au f/6.3, ndiyo lenzi nyingi za bei ya kati zinapofikia. Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde kwa ndege aliyetulia. Ndege wadogo hawatulii kweli, kichwa kinageuka kabla hujabonyeza. Kwa mabawa yanayopiga anzia 1/2000. Wingu likiwa zito na picha zikaanza kuwa na chengachenga, shuka hadi 1/500 ungoje atulie. Chengachenga kidogo si hasara, picha iliyotikisika ndiyo hasara.

Fokasi iwe ya kuendelea kumfuata ndege, kwa doa moja dogo, na doa hilo liwe jichoni. Jicho likiwa kali, watu husamehe mkia uliofifia. Piga mfululizo wa picha tatu nne kila mara, si kumi na tano. Ukipiga mia moja kwa dakika utashinda usiku ukifuta badala ya kulala, na saa kumi na moja u nusu alfajiri ndege hawakungoji.

Halafu kuna rangi. Kamera inaona mwanga kwa wastani, na ndege wetu wa masika si wa wastani. Manjano ya kwera kwenye jua huungua, manyoya yote yakawa bamba moja lisilo na mistari, kwa hiyo punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua (hatua moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Wekundu wa kweche ni mgumu zaidi, punguza hata hatua nzima kisha ukuze picha kwenye kioo cha kamera uangalie kama unaona unyoya mmoja mmoja. Na ndege akikaa juu dhidi ya anga jeupe la mawingu, fanya kinyume, ongeza hatua moja au zaidi. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi, kama unaweza, zinakupa nafasi ya kurekebisha baadaye.

Kuketi mbele ya kwera

Fika saa kumi na mbili kasorobo, kabla jua halijatoka. Keti mita 12 hadi 15 kutoka kwenye viota, usogeze kigoda mara moja tu, kisha usiinuke. Dakika kumi za kwanza watakupigia kelele. Usiinue kamera. Tazama chini, kunywa chai yako. Kelele zikibadilika kutoka kwenye mlio mkavu wa kuonya kuwa ile sauti ya kukwaruza kama redio isiyoshika stesheni, wamekwisha kukusahau. Hapo inua kamera polepole hadi usoni, na ikishafika usoni ibaki hapo.

Sasa chagua dume mmoja. Si mti mzima, dume mmoja. Mfuate kwa macho kwa nusu saa, utaona kazi yake ni mduara. Anaruka hadi kwenye kuti bichi, anauma ukingo wa jani karibu na shina, anaung'ang'ania, kisha anaruka nao. Jani linachanika nyuma yake uzi mrefu, mara nyingine mrefu mara tatu kuliko yeye. Anarudi kiotani uzi ukipepea. Anaukanyaga kwa mguu mmoja, anaupenyeza kwa mdomo, anazunguka upande wa pili, anauvuta, anaupenyeza tena. Ukiwa na darubini utaona fundo likikaza. Mwanzo huwa ni pete tu iliyoning'inia kwenye jani. Dume anasimama ndani ya pete hiyo, na chumba cha mayai anakijenga kwa urefu wa shingo yake, kadiri anavyofikia bila kuhama.

Kwa kuwa anarudi pale pale, picha zake unaziandaa kabla hajaja. Ukitaka picha ya uzi unaochanika, weka fokasi kwenye kuti alilouma mara mbili zilizopita, kasi 1/2000, na bonyeza anapoinamisha kichwa, usingoje aruke. Ukitaka ya kusuka, fokasi iwe kwenye ukingo wa pete, upande wenye uzi ulio wazi. Na akija jike, ambaye hana rangi kali na ni rahisi kumkosa, acha yote uliyokuwa ukifanya. Madume yote yataning'inia chini ya viota vyao, miguu juu, yakipiga mabawa na kuimba kwa pamoja. Jike ataingia kimoja, atavuta nyuzi kwa mdomo akipima uimara, atatoka. Akikubali atarudi na nyasi laini za kutandika ndani. Asiporidhika yeye wala wengine, kiota kinakauka, kinageuka kahawia, na dume mwenyewe anakifumua uzi kwa uzi aanze upya pale pale. Picha ya dume akifumua kiota chake mwenyewe nimeipata mara moja tu, na ndiyo niliyoiweka ukutani.

Kumtambua ni kwera gani, tazama jicho. Pwani yetu ina kwera wa manjano kadhaa wanaochanganya watu, lakini macho yao hayafanani. Mwenye kichwa cheusi chote na macho mekundu ni yule wa kawaida wa vijijini. Mwenye barakoa nyeusi usoni na macho ya rangi ya krimu ni mdogo kidogo kuliko yeye. Wa manjano mwili mzima asiye na weusi wowote usoni, kichwa kikiwa na rangi ya chungwa na macho meusi, ni kwera wa minazi, ambaye kwa Kiingereza ni golden palm weaver. Na wa manjano mwenye macho mekundu ni yule anayependa kujenga kwenye matete juu ya maji. Picha moja kali ya jicho inamaliza ubishi wote.

Chozi

Chozi hang'ai kwa sababu ya rangi iliyomo katika manyoya. Manyoya yake yamejengwa kwa namna inayouvunja mwanga, na ndiyo maana ndege yule yule ni kijani cha chuma akikugeukia, na ni mweusi tii akikupa ubavu. Kwa hiyo kwa chozi mwanga uwe nyuma yako, na jua liwe chini: saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Piga mfululizo kila anapogeuza kichwa; katika picha kumi, mbili zitakuwa zimewaka. Punguza mwanga kidogo, kwani kamera ikimwona ndege mweusi hudhani kuna giza na kuharibu ule mng'ao.

Wa kutafuta kwanza ni wawili. Yupo mdogo mwenye kichwa na mgongo wa kijani cha chuma, ukanda wa zambarau kifuani na tumbo jeusi. Na yupo mkubwa kidogo, mwili wa hudhurungi iliyokolea kama mahameli, kifua chekundu, paji na koo za kijani. Wote huja kwenye haibiskasi, shubiri na maua ya mgomba. Kwenye haibiskasi angalia jambo hili: mara nyingi chozi haingizi mdomo mbele ya ua, anatoboa kando ya kikonyo na kuiba asali bila kugusa chavua. Ukipiga picha kutoka upande wa mbele utamkosa. Kaa ubavuni mwa ua.

Dume huwa na maua yake na huyazungukia kwa zamu. Chukua saa, andika kila anapofika ua fulani. Ukikuta anarudi kila baada ya dakika nane, una dakika saba za kupumzisha mikono.

Sasa niseme la kiota, kwa sababu hili linaniuma mpaka leo. Chozi jike hujenga mfuko mdogo unaoning'inia, wa nyasi na majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui, tundu likiwa ubavuni. Mwaka wangu wa pili niliupata mmoja kwenye bogenvilia, chini ya upeo wa macho yangu. Tawi moja lenye majani lilikuwa limeziba tundu. Nililivuta pembeni nikalifunga kwa uzi, nikapiga picha nilizozitaka za jike akilisha, nikaenda zangu nikisema nitalifungua jioni. Jioni mvua ilininyima. Kesho yake asubuhi mfuko ulikuwa umechanwa na jike analia juu ya waya. Kunguru wa kijivu, wale walioletwa kutoka Bara Hindi kupitia Zanzibar na sasa wamejaa miji yote ya pwani, walikuwa wameketi ukutani. Lile tawi ndilo lililokuwa mlango wa nyumba. Picha zile nilizifuta.

Tangu hapo ninafuata masharti haya wala siyapunguzi. Sigusi jani. Sisogei kiota cha chozi karibu zaidi ya mita 10, na sikai zaidi ya nusu saa. Kunguru wakiwepo siendi kabisa, maana wanamtazama mtu anachotazama. Ndege akibeba chakula mdomoni akawa anarukaruka tawi hadi tawi bila kuingia kiotani, wewe ndiwe unayemzuia: ondoka hapo hapo, vifaranga wana njaa. Na sichezi sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita dume. Msimu huu atakuja, ni kweli, lakini atakuja kupigana, ataacha maua yake na jike wake kumfukuza adui asiyekuwepo.

Sibandiki mahali pa kiota mtandaoni pia. Chiriku bado hutegwa na kutiwa vitunduni kwa ajili ya sauti yake, na picha yenye ramani ndani yake ni msaada kwa mtegaji. Zima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga.

Nyasi za kweche na fumbwe

Mvua zikishashika na nyasi zikafika kiunoni, nenda uwandani. Kweche dume huchagua bua refu, hujitutumua mpaka anakuwa mviringo kama mpira mdogo mwekundu, kisha huruka polepole juu ya nyasi akinguruma kwa mabawa. Mabua yatailaghai fokasi yako, itashika nyasi za mbele. Badili uifokasi kwa mkono, kwenye bua analorudia. Piga magoti, lenzi iwe usawa wa kifua chake. Asubuhi yenye umande ni bora kuliko zote, na siku ya wingu jepesi unaweza kuendelea mpaka saa sita mchana bila kivuli kikali.

Fumbwe hajengi kiota. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo wanaokula mbegu, nao humlelea. Dume kazi yake ni kuning'inia hewani mbele ya majike akidunda juu chini, mkia ukipigapiga. 1/2000, na acha nafasi ya kutosha chini ya picha; wengi humkata mkia.

Mvua na unyevu

Mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele na kufungwa kwa mpira kwenye lenzi unatosha kwa mvua ya kawaida. Adui mkubwa ni unyevu unaobaki. Ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba nusu saa izoee joto, la sivyo vioo vitatokwa na jasho. Ukirudi, futa kwa taulo, pangusa chumvi ya upepo wa bahari kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha weka vyote kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kuvu ikishaota ndani ya lenzi haitoki kirahisi.

Andika

Kila ukiketi andika tarehe, saa ulizokaa, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, ni ndege gani, wangapi, na walichobeba mdomoni. Hilo la mwisho ndilo wengi huliacha. Nyasi ni ujenzi, kiwavi ni vifaranga. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi, hupokea orodha kupitia programu ya simu ya BirdLasser: nchi imegawanywa visanduku vya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya kisanduku kimoja.

Nakuomba uandike kwa sababu ya kwera mmoja wa huku kwetu. Kwera wa Clarke alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, na duniani kote anaishi Kilifi tu, msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha nyuma ya Malindi. Karibu miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyekuwa amekiona kiota chake. Kilipatikana mwaka 2013, na watu wa Nature Kenya, shirika la uhifadhi, huko Dakatcha, kwenye kinamasi chenye majani kinachojaa maji wakati wa mvua tu. Mvua zikikosekana kinamasi hakipo, na ndege hajengi hapo. Ukimwona kwera mweusi mgongoni, manjano tumboni, akiruka na kundi lake huku amebeba uzi wa jani, usimkimbilie na kamera. Shika darubini, angalia anaelekea wapi, andika saa, kisha keti.